Fungu la Mchumaji: Karafuu za Unguja na Pemba na Hesabu Iliyobaki Matrah

Katika barza za Matrah wanapokutana wazee waliotoka Unguja na Pemba, hapapiti muda ila karafuu zitatajwa. Hutajwa kwa jumla yake: karafuu zilitajirisha visiwa, karafuu zilijenga majumba ya mjini, karafuu zilisomesha watoto. Yote hayo ni kweli, na sisi wenyewe tumo katika waliosomeshwa kwa pato hilo. Lakini jumla ina tabia ya kuficha. Sinia likijaa wali, bado hatujajua nani kala nini.

Makala haya yanauliza swali moja: katika pato la karafuu, fungu la mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake lilikuwa lipi, na ni kitu gani kililiongeza au kulipunguza? Wanauchumi wa leo huliita fungu la kazi katika pato la taifa. Maana yake ni hii: katika kila shilingi 100 zinazopatikana nchini kwa mwaka, ni ngapi zinazokwenda kwa mishahara na ujira, na ni ngapi zinazokwenda kwa wenye ardhi na wenye mtaji. Swali si geni. Mwaka 1817 David Ricardo alichapisha London kitabu chake juu ya misingi ya uchumi, na katika dibaji akasema kuwa mgawanyo wa mazao baina ya mwenye ardhi, mwenye mtaji na mfanyakazi ndilo suala kuu la elimu hiyo. Ni katika miaka hiyo hiyo mikarafuu ilipoanza kuota Unguja, ikitokea kisiwa cha Bourbon ambacho leo huitwa Réunion. Na riwaya mashuhuri inamtaja Saleh bin Haramil al-Abri kuwa ndiye aliyeileta.

Siku mbili katika saba

Sayyid Said bin Sultan alipoifanya Unguja makao yake, alihimiza mikarafuu ipandwe, na yeye mwenyewe akawa na mashamba mengi. Mkarafuu una masharti yake. Hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Ukishaanza, huzaa sana mwaka mmoja na kidogo miaka mingine. Na tumba zake ni lazima zichumwe kabla hazijafunuka. Ua likishafunuka, thamani imekwenda. Kwa hiyo msimu ukifika, mashamba yote huhitaji mikono mingi kwa wakati mmoja: ya kupanda mitini, ya kuchambua karafuu na makonyo yake, ya kuanika juani na kuzianua mvua inapotisha. Asiyeyajua masharti haya hataielewa historia ya ujira wa visiwani.

Katika karne ya 19 mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Desturi ilikuwa mtumwa wa shamba amtumikie bwana wake siku tano, kisha Alkhamisi na Ijumaa ajilimie mwenyewe kipande cha ardhi alichopewa, muhogo na mboga. Kwa lugha ya hesabu, fungu lake lilikuwa siku mbili katika saba, na hata hizo hazikuwa za ziada, kwani chakula chake na cha watoto wake kilitoka humo.

Hapa pana jambo ambalo hesabu za kawaida hulipita. Hatuwezi kusema kuwa mwenye shamba hakuilipia kazi. Aliilipia, na aliilipia ghali, lakini hakumlipa aliyeifanya. Alimlipa muuzaji. Kazi ya umri mzima wa mtu ilinunuliwa kwa siku moja, na fedha zake zikenda kwa aliyemteka, aliyemsafirisha na aliyemuuza. Mara nyingi fedha hizo zilikuwa za kukopa. Ndipo linapoingia neno ambalo wasomaji wa Kiarabu wanalijua vyema: bai khiyari. Mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa khiyari ya kulikomboa, kisha akabaki humo humo akililipia kodi. Sharia ilikuwa imekataza riba, na kodi ikasimama mahali pake. Kwa njia hiyo bwana mwenye hati akawa naye analipa kodi juu ya ardhi ya babake, na sehemu ya karafuu ikawa ya mkopeshaji kabla haijachumwa.

Maskati nayo ilikuwa na fungu. Baada ya kufa Sayyid Said mwaka 1856, wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa mtawala wa Waingereza huko India, akaamua kuwa Unguja na Oman ziwe dola mbili, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Uamuzi huo tunaufundisha kama habari ya siasa. Tuusome pia kama habari ya mapato: Unguja ndiyo iliyokuwa na kipato, na sehemu ya kipato hicho ilitoka katika tumba zilizochumwa na mtu mwenye siku mbili katika saba.

Ujira unapopata nguvu

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mavuno. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwaka 1897, katika enzi ya Sayyid Hamoud bin Mohammed na chini ya ulinzi wa Waingereza, amri ilitolewa ya kuondoa hadhi ya utumwa katika sharia. Amri hiyo ilitoa fidia, na fidia ilikuwa ya mwenye mtumwa. Aliyekuwa mtumwa alipewa uhuru kwa kwenda kuuomba mahakamani, wala hakupewa chochote kwa miaka aliyokwisha kuifanyia kazi. Kwa mara ya pili bei ya kazi ililipwa, na kwa mara ya pili hakulipwa aliyeifanya.

Hata hivyo kilichofuata hakikuwa kama walivyotarajia wenye mashamba wala maofisa wa serikali. Wengi walioachwa huru walibaki mashambani kwa mapatano: mtu anapewa mahali pa kujenga kibanda na kulima chakula chake, naye anafanya siku kadhaa za kazi au angalau anazuia magugu yasiizonge mikarafuu. Alikuwa na ruhusa ya kupanda muhogo na migomba. Kupanda mkarafuu au mnazi hakuwa na ruhusa, kwa kuwa katika mila ya visiwani mti ni mali ya aliyeupanda, hata ukiwa katika ardhi ya mwingine. Mwenye shamba alilijua hilo, na mkaazi wake alilijua.

Uchumaji ukawa wa kulipwa kwa pishi, yaani vibaba vinne. Watu wa kusini na mashariki ya Unguja, waliokuwa na mashamba yao madogo ya mawe, minazi yao na bahari yao ya kuvua, walikuja msimuni, wanaume na wanawake, na wengine wakavuka kwenda Pemba. Kutoka bara walikuja Wanyamwezi na wengineo kwa kazi ya kupalilia. Mchumaji wa aina hii hakuwa na hati ya shamba la karafuu, lakini alikuwa na kitu ambacho mtumwa hakuwa nacho: alikuwa na pahala pengine pa kwenda. Ujira usipomridhisha, alirudi kwake au alikwenda shamba la jirani. Na kwa kuwa karafuu hazingoji, mwaka wa mavuno makubwa wenye mashamba walinyang'anyana wachumaji, na bei ya kuchuma pishi ikapanda.

Hii ndiyo hoja yetu. Fungu la kazi halikupanda kwa sababu karafuu zilizidi. Zilizidi sana katika zama za utumwa, na mchumaji hakupata zaidi. Lilipanda pale mchumaji alipokuwa na njia ya kusema hapana.

Wenye mashamba waliliona hilo mapema kuliko wanahistoria. Mwaka 1927 kilianzishwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, na miongoni mwa shabaha zake za mwanzo ilikuwa kupunguza gharama za kazi na kuzuia mashindano baina ya wenye mashamba katika kuwalipa wachumaji. Tunalitaja hili bila ya kumlaumu mtu. Mwenye shamba mwenyewe alikuwa amebanwa: mbele yake alisimama mkopeshaji na hati ya khiyari, na nyuma yake serikali, iliyotegemea sana ushuru wa karafuu kuendesha shughuli zake. Aliyebanwa na wakubwa wawili huminya upande ulio dhaifu.

Katika miaka ya 1930 bei iliporomoka duniani, na madeni yakawa tishio la kuwanyang'anya wengi mashamba yao. Serikali ilitunga sheria za 1934 juu ya uhamishaji wa ardhi na juu ya biashara ya karafuu, ikakipa chama kile nguvu mpya. Wafanyabiashara wa Kihindi walipinga, na mwaka 1937 wakasusia karafuu, wakiungwa mkono na chama cha Congress huko India, nchi iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa karafuu zetu. Mgogoro ulimalizwa kwa mapatano mwaka 1938. Habari hii imeandikwa sana, na kila mara huandikwa kama mashauri ya watu wanne: mwenye shamba, mkopeshaji, mfanyabiashara na serikali. Tulipozirudia kumbukumbu hizo tulimtafuta mtu wa tano. Anaonekana kama gharama. Hakuitwa mezani.

Alijiita mwenyewe, lakini mjini, si shambani. Mwezi wa Agosti 1948 wachukuzi wa bandarini Unguja waligoma kwa ajili ya ujira na ughali wa maisha, na mgomo ukaenea mpaka mji ukasimama. Magunia yote ya karafuu yalipitia mabegani mwao. Ilikuwa mara ya kwanza mji kuhisi kuwa pato la nchi linaweza kusimamishwa na watu wasiokuwa na mkarafuu hata mmoja. Ujira wao uliongezwa.

Shambani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Baada ya uchaguzi wa 1957, siasa za vyama ziliingia baina ya mwenye shamba na mkaazi wake. Wakaazi walifukuzwa katika mashamba waliyokaa miaka, na kwa upande wa pili maduka yakasusiwa. Yale mapatano ya tangu 1897, ya kibanda na muhogo kwa malipo ya kupalilia, hayakuwa yameandikwa popote. Yalisimama juu ya kujuana, na kujuana kulipoondoka hayakuwa na nguzo.

Serikali kuwa bwana shamba

Msiba wa Januari 1964 unajulikana katika nyumba za wasomaji wetu, na hatutauhadithia upya. Tunasema tu kuwa msiba ule haupunguzwi kwa kuhesabu fungu la mchumaji, wala hesabu ya mchumaji haifutwi na msiba ule. Mwanahistoria anawajibika kwa yote mawili.

Mashamba yalitaifishwa, na kuanzia 1965 yakagawiwa kwa eka tatu tatu. Kwa mtazamo wa karatasi, mgawanyo ulikuwa umepinduka: mwenye mti na mchumaji sasa ni mtu mmoja, na mwenye shamba na mkopeshaji wameondoka. Ilitazamiwa kuwa fungu lao limrudie yeye. Lakini mnunuzi alikuwa mmoja tu, naye ni serikali kupitia shirika lake la biashara. Katika miaka ya 1970 bei ya nje ilipanda sana, kwa sababu Indonesia, inayotia karafuu katika sigara zake za kretek, ilikuwa inanunua kwa wingi. Bei aliyolipwa mkulima wa Pemba haikupanda kwa kadiri hiyo. Tofauti ilibaki hazinani. Wanafunzi na wafanyakazi wa serikali walipelekwa makambini kuchuma, na aliyevusha karafuu zake kwa magendo kwenda Mombasa aliadhibiwa vikali.

Tuutazame uvukaji ule wa usiku kwa jicho la hoja yetu. Mchumaji wa 1910 alipopunjwa alihamia shamba la jirani. Mkulima wa 1975 hakuwa na shamba la jirani, kwa kuwa mashamba yote yalikuwa na mnunuzi mmoja. Mombasa ndiyo iliyokuwa shamba lake la jirani, na njia ya kwenda huko ilikuwa bahari. Kisha katika miaka ya 1980 Indonesia ilijitosheleza kwa karafuu zake, bei ya dunia ikaanguka, na miti mingi ikaachwa bila kutunzwa. Tangu 2011 Serikali ya Zanzibar imefuata sera ya kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya nje. Hilo peke yake ni ungamo la yaliyopita.

Ugumu wa kuhesabu

Msomaji atauliza: basi fungu la kazi lilikuwa asilimia ngapi? Hapa tunakutana na tatizo linalowasumbua wanauchumi katika kila nchi changa. Nchi za viwanda zina orodha za mishahara. Wataalamu wakazitazama miaka mingi, wakadhani fungu la kazi halibadiliki, linacheza kwenye thuluthi mbili, mpaka lilipoonekana kushuka katika nchi nyingi tangu miaka ya 1980. Lakini katika nchi ambayo watu wengi wamejiajiri wenyewe, orodha ya mishahara inaonyesha upande mmoja tu. Mkulima wa eka tatu huchuma mikarafuu yake mwenyewe, akisaidiwa na mkewe na wanawe. Anachopata ni ujira wa kupanda mtini, au ni kodi ya ardhi, au ni faida ya mti? Ni vyote, katika mfuko mmoja. Ukikiita chote faida, nchi maskini itaonekana kama nchi ya matajiri wanyonyaji. Ukikiita chote ujira, itaonekana kama nchi ya uadilifu kamili. Kazi ya mke haimo katika hesabu yoyote kati ya hizo mbili.

Wazee wetu wa Oman walikuwa na namna ya kulikabili suala hili. Fikihi inaujua mkataba wa musaqa, ambao mwenye miti na mwenye kuitunza hugawana matunda kwa sehemu inayojulikana, na asili yake hurejeshwa kwenye mapatano ya Khaybar. Katika mashamba ya mitende yanayonyweshwa na falaji, bidari aliyeutunza mtende alikuwa na shada lake katika kila mtende. Mwaka ukiwa mzuri, shada lake lilikuwa zito; ukiwa mbaya, alipungukiwa pamoja na mwenye shamba. Tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Katika Batina ya karne ya 19 watumwa wengi walifanya kazi katika mitende hiyo hiyo, wakiteka maji visimani, wala hawakuwa na shada. Merikebu ya Sultana ilipofika New York mwaka 1840, ilibeba tende na karafuu katika tumbo moja. Fungu la waliozivuna tende lilikuwa la namna mbili; la waliozichuma karafuu lilikuwa la namna moja.

Kutoka hati hadi mshahara

Turudi Matrah. Mafuta yalianza kusafirishwa kutoka Oman mwaka 1967, na baada ya Julai 1970 Sultan Qaboos aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Familia zilizotoka Unguja, nyingine baada ya kupitia Dubai, Cairo au Uingereza, zilifika mahali ambapo mizigo bado ilikuwa inashushwa kwa mashua, kabla ya bandari mpya kuanza kazi mwaka 1974. Hazikuja na mashamba. Zilikuja na Kiingereza, ukarani, uuguzi, ualimu na ufundi. Waliozaliwa katika nyumba zilizoishi kwa fungu la ardhi wakawa, kwa mara ya kwanza, watu wanaoishi kwa fungu la kazi: mwisho wa mwezi, karatasi ya mshahara, pensheni.

Si wote waliokuwa na mashamba, na hili tulisisitize, kwa kuwa barza hupenda kumpa kila babu mikarafuu elfu. Wengi walikuwa wenye vijiduka vya shamba, wavuvi, mafundi, na Wamanga waliokuja na msimu bila ya kitu. Lakini hata kwa wale wenye hati, maisha ya mshahara yamewafundisha suala ambalo hati haikuwafundisha. Wajukuu wao leo wanajua maana ya kufanya kazi nchini ambamo pato kubwa linatoka chini ya ardhi na si mikononi mwa watu. Wanajua kwamba katika nchi ya mafuta mshahara wa serikali una ndani yake sehemu ya ujira na sehemu ya mgao wa kisima. Na wanamwona kila siku kibarua wa kigeni anayemwagilia mitende aliyoiacha bidari, kwa mshahara wa mwezi na bila ya shada. Hadithi ya ujira na jasho inajulikana na kila mtoto aliyepita chuoni. Inasomwa kama adabu. Ni hesabu pia.

Katika miaka tuliyokuwa tukikusanya karatasi za familia tumeonyeshwa hati nyingi: hati za mashamba, za khiyari, za wakfu, nyingine zimefungwa katika kitambaa cha hariri kama msahafu. Daftari ya wachumaji tumeonyeshwa moja tu. Ilikuwa daftari ya shule, imeliwa na wadudu, na ndani yake mna majina upande wa kulia na pishi upande wa kushoto. Aliyetuonyesha alitaka kuitupa. Alidhani haina maana, kwa kuwa haithibitishi umiliki wa kitu.

Tunawaomba wasomaji wafungue masanduku yao. Hati zinatuambia shamba lilikuwa la nani. Fungu la mchumaji halimo katika hati. Limo katika daftari kama ile, pishi kwa pishi, mbele ya jina la mtu. Jina hilo lina wajukuu pia, huenda wako Wete au Makunduchi, nao hawana hati ya kufunga katika hariri.